Refa wa Kambi: Mwongozo wa Kupuliza Kipenga Kericho na Bomet

Katika nchi ya majani chai kuna kazi tatu ambazo kila mpita njia anazijua kuliko anayezifanya: kupima chai kituoni, kuendesha matatu ya Litein wakati wa mvua, na kuchezesha mpira. Hiyo ya tatu ndiyo yenye wataalamu wengi zaidi. Pita Jumapili alasiri kutoka Kericho mjini hadi Mogogosiek na katika kila uwanja wa kambi ya wafanyakazi wa chai au wa shule utakuta wachezaji 22, mpira mmoja na marefa 300. Kati ya hao 300, mmoja tu ndiye mwenye kipenga. Mwongozo huu ni wake.

Umeandikiwa kijana aliyeombwa na mwenyekiti wa timu “atusaidie tu leo”, mwalimu anayechezesha mashindano ya shule, na msichana wa Bomet anayetamani kusimama katikati ya uwanja lakini anaambiwa akauze maji. Ufuate hatua kwa hatua. Ukiruka moja, mashabiki watakukumbusha.

Hatua ya kwanza: Soma sheria kabla ya kununua kipenga

Kipenga kinauzwa madukani kwa bei ya chini, na ndiyo maana wengi huanza na kipenga. Anza na kitabu. Sheria za soka ni 17. Zinatungwa na kurekebishwa na IFAB, bodi iliyoundwa mwaka 1886. Sheria ya 5 inamhusu refa, nayo inasema waziwazi kwamba uamuzi wake kuhusu yaliyotokea mchezoni, likiwemo suala la kama goli limeingia au la, ni wa mwisho. Isome ukiwa umeketi, maana ni mamlaka makubwa kwa mtu ambaye jana alikuwa akiendesha bodaboda.

Kisha hamia Sheria ya 11, ya kuotea. Hapa ndipo marefa 300 wanapopata sauti. Jua kwa yakini kwamba mchezaji aliye katika nusu yake ya uwanja hawezi kuwa ameotea. Jua pia kwamba hakuna kosa la kuotea kwa anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwa mpira wa kurusha, kona, au mpira unaopigwa golini kuanzisha mchezo. Mpira utarushwa, mshambuliaji ataupokea akiwa peke yake na kipa, na upande mzima wa uwanja utapiga ukelele wa “Ofsaidi!” Ukiwa umesoma, utaendelea kukimbia. Usiposoma, utapuliza, na timu iliyonyimwa goli halali itakuwa na haki ya kunung’unika hadi mavuno yajayo.

Soma tena kila mwaka, kwa sababu sheria hubadilika. Kwa miaka mingi kipa aliruhusiwa kushika mpira kwa sekunde 6, na karibu hakuna refa aliyezihesabu. Tangu mwaka 2025 ni sekunde 8. Akizipitisha, wapinzani wanapewa kona, na refa huonyesha sekunde 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Waite makipa wote wawili kabla ya mechi uwaambie. Kuna kipa katika kila kambi ambaye timu yake ikiongoza hukumbatia mpira, hufunga kamba za viatu, husalimia jamaa nyuma ya goli, kisha ndipo hukumbuka kuupiga. Huyo mwambie mara mbili.

Anayekudharau kwa kusema urefa ni kazi ya waliokosa kazi, mtajie Peter Waweru, Mkenya aliyechezesha mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika. Siku nyingine za wiki ni mhadhiri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha JKUAT.

Hatua ya pili: Kagua uwanja, ng’ombe na mawingu

Fika saa moja kabla ya mechi. Si viwanja vyote ni Kericho Green Stadium, palipofanyiwa sherehe za kitaifa za Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2023. Kiwanja chako huenda kikawa na mteremko unaompa mshambuliaji kasi asiyozaliwa nayo, milingoti ya mikaratusi, na mistari iliyochorwa kwa majivu. Tembea kote. Pima goli: mita 7.32 kwa upana na 2.44 kwa kimo. Kama huna utepe wa kupimia, hakikisha angalau kwamba magoli yote mawili yanalingana, kwa sababu fundi aliyeyasimamisha ni mwenyeji na mwamba ngoma huvutia kwake. Tafuta penalti inapigiwa wapi, mita 11 kutoka mstari wa goli, uweke alama mwenyewe. Usipoiweka mapema utaiweka dakika ya 85 ukiwa umezungukwa na watu 22 wenye hatua za urefu tofauti.

Wenyeji wakikuambia ng’ombe wale hawana shida, waambie wawaondoe. Mbwa huingia bila kuombwa, kwa hiyo jifunze sheria yake leo. Mpira unaoelekea golini ukimgusa mbwa kisha ukaingia, na mbwa hakumzuia mlinzi yeyote kuucheza, ni goli. Mbwa akiuzuia usiingie, si goli, hata kama uwanja mzima unaapa kwamba ungeingia. Unasimamisha mchezo na kudondosha mpira. Mpira ukiwa ndani ya eneo la hatari, unamdondoshea kipa. Hilo ni swali la kitabu huko mijini. Kwetu ni swali la kila mwezi.

Uliza pia mipira iko mingapi. Viwanja vingi vya huku vimezungukwa na chai pande tatu, na shuti moja kali linaweza kuutupa mpira katikati ya mashina ambako mlinzi wa shamba hataki kuona vijana kumi wakikanyaga majani machanga. Anayeutafuta ni mtu wa timu inayoongoza, na huutafuta kwa utulivu mkubwa. Simamisha saa yako. Muda uliopotea urudishwe, na uwaambie manahodha kwamba unaurudisha.

Halafu tazama juu. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya alasiri inajua ratiba ya mechi kuliko mratibu. Mvua ya kawaida mpira unachezeka. Mvua ya mawe ile inayochanachana majani ya chai haichezeki. Na radi ikianza kupiga karibu, simamisha mchezo na uwatoe watu wote uwanjani, waende ndani ya jengo, mbali na miti na milingoti. Kocha anayeongoza 1-0 atakuambia zimebaki dakika tano. Sheria inakupa uwezo wa kusimamisha au kuvunja mechi, nawe ndiye utakayeulizwa kijana wa watu akipigwa na radi. Mpira utarudiwa.

Hatua ya tatu: Wape washika vibendera kazi wanayoiweza

Soka ilipoandikiwa sheria zake za kwanza London mwaka 1863, hakukuwa na refa. Baadaye kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na refa alikaa nje ya uwanja akisubiri kuulizwa wawili hao wakikosana. Walikosana sana. Mwaka 1891 refa akaingizwa uwanjani na kupewa kauli, na wale waamuzi wa timu wakasogezwa pembeni wakawa washika vibendera. Mwaka huohuo penalti ikaanzishwa.

Katika mechi za kambi, mambo ya kabla ya 1891 bado yapo. Kila timu inaleta mshika kibendera wake. Wako pale: mmoja ni mchezaji wa akiba aliyekasirika kwa kuachwa nje, na mwingine ni mjomba wa straika. Bendera ya mjomba haiinuki kamwe straika akiwa mbele. Usimlaumu, ni damu. Mwambie hivi, kwa heshima na mbele ya nahodha wake: “Mzee, wewe nisaidie kuona mpira ukitoka tu. Kuotea niachie mimi.” Atashukuru, kwa sababu umemwokoa asichague kati ya ukweli na dada yake.

Hiyo ni dawa ya muda. Tiba ni kuwa na washika vibendera waliofunzwa, wasio wa upande wowote. Kazi hiyo ina heshima yake na inafika mbali: Gilbert Cheruiyot, Mkenya, ameifanya katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Kijana mwenye macho makali na moyo mtulivu akiambiwa hivyo ataacha kuuona mstari wa pembeni kuwa mahali pa kuadhibiwa.

Hatua ya nne: Chukua ujira wako hadharani

Utaitwa kando. Mara nyingi ni nyuma ya gari au karibu na choo cha shule. Mtu mpole atakuuliza umefikaje, kama umekula, watoto wanaendeleaje. Kisha atataja nauli. Nauli anayoitaja inaweza kukupeleka Mombasa na kukurudisha, wakati wewe umetoka Kapkatet.

Kataa hapohapo, kwa adabu na kwa sauti inayosikika. Pesa zikiingia kwa M-Pesa bila kuombwa, zirudishe kabla ya kipenga cha kwanza na uwaambie waandalizi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wa refa uwe mtupu, na usilambwe.

Lakini tuseme na upande wa pili. Refa hulipwa na nani? Katika mechi nyingi za chini, timu ya nyumbani ndiyo humpa ujira, baada ya mechi, kutegemea furaha ya mwenyekiti. Utaratibu huo ni mbovu, na anayeuendeleza asishangae wageni wakisema mechi imeuzwa. Ujira ukubaliwe mapema, timu zote mbili zichange sawa, na refa apewe mbele ya manahodha wawili kabla mpira haujaguswa. Hauhitaji mhasibu wala kamati. Timu ikitaka haki ya bure, itaipata ya bei hiyohiyo.

Kericho inaujua uchungu wa matokeo yasiyoaminika. Zoo FC ilipanda hadi Ligi Kuu ya Kenya msimu wa 2017, na timu kubwa za Nairobi zikalazimika kupandisha milima hadi kwetu. Vijana wa huku waliona kwa macho yao kwamba njia ya ligi kuu inapita pia katikati ya chai. Mwaka 2021 FIFA iliamuru timu hiyo iondolewe katika ligi hiyo kwa sababu ya upangaji wa matokeo. Na miaka mitatu kabla, mshika kibendera Mkenya aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia nchini Urusi alijiondoa siku chache kabla ya mashindano, baada ya kamera ya siri ya mwandishi wa Ghana kumnasa akipokea dola 600. Kombe la Dunia kwa dola 600! Kila anayekuita nyuma ya gari anataka ufanye biashara hiyohiyo kwa bei ndogo zaidi.

Mechi ikiisha, kaa na timu zote mbili, kunywa chai na maziwa ya mursik wakikupa, ucheke nao. Kabla ya hapo, kunywa maji yako.

Hatua ya tano: Kimbia

Huku ni kwa kina Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho aliyekuwa Mkenya wa kwanza kushinda medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Refa anayesimama katikati ya duara na kupuliza akiwa hapohapo anatia aibu nchi ya wakimbiaji. Mechi kamili hukimbiza refa kilomita 10 hivi, kwa vipande: unachapuka, unatembea, unarudi kinyumenyume. Fanya mazoezi hayo Jumanne na Alhamisi.

Ukaribu unanunua amani. Penalti iliyotolewa na refa aliye hatua nane kutoka kwenye tukio inabishaniwa kwa sekunde kumi. Iliyotolewa na refa aliye mita hamsini, anayehema, inabishaniwa hadi mazishi ya aliyeipiga. Jipange pembeni kidogo ya mchezo, sio nyuma yake, uone nafasi iliyopo kati ya wachezaji wawili, maana kosa hutokea hapo. Na ukigongwa na mpira, usiseme refa ni sawa na mlingoti. Hilo lilikuwa la zamani. Tangu 2019, mpira ukikugusa kisha ukaingia golini moja kwa moja, au ukaanzisha shambulizi la hatari, au ukahamia kwa timu nyingine, unasimamisha mchezo na kudondosha mpira.

Puliza kwa nguvu. Kipenga chembamba cha kuomba radhi huwaalika wachezaji wajadiliane nawe. Puliza, onyesha upande, onyesha mahali, sogea. Mkono wako useme kabla mdomo haujafunguka. Na pale aliyechezewa vibaya anapobaki na mpira na njia iko wazi, nyosha mikono mbele umwache aendelee. Hakuna kinachowaudhi wachezaji wazuri zaidi ya refa anayewaokoa kutoka kwenye goli lao wenyewe.

Hatua ya sita: Tumia kadi mapema, kwa uso mtulivu

Kadi za manjano na nyekundu zilitokana na fujo ya lugha. Katika Kombe la Dunia la 1966, mechi ya Uingereza na Argentina ilijaa mkanganyiko wa nani ameonywa na nani amefukuzwa, kwani refa, wachezaji na makocha hawakuelewana. Ken Aston, aliyesimamia marefa wa mashindano hayo, aliwaza suala hilo akiendesha gari London, akasimama kwenye taa za barabarani, na hapo akapata jibu: manjano, tahadhari; nyekundu, simama. Zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico.

Kwenye mashamba yetu kadi zina kazi hiyohiyo. Timu moja ya kambi ina Mkipsigis golini, Mkisii na Mluhya nyuma, Mjaluo katikati, na kila mmoja anaelewa matusi ya lugha nne. Kadi haina kabila wala lafudhi. Itumie hivyo.

Kosa baya la kwanza lipate adhabu yake kamili, hata likitokea dakika ya pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Refa anayesema “bado mapema” dakika ya 2 hujikuta dakika ya 70 akigawa kadi kwa watu ambao tayari wameamini kwamba kupigana kunaruhusiwa. Mwonyeshe mkosaji kadi ukiwa umetulia, umesimama mbali kidogo naye, mkono juu, mdomo umefungwa. Usimsukumie usoni. Kadi ni taarifa, sio kofi.

Hatua ya saba: Wajue washauri wako

Mashabiki wamegawanyika katika makundi, na kila kundi lina dawa yake.

Yupo mzee aliyeingia ndani ya mstari hatua tatu na fimbo yake, bila ubaya, kwa sababu anataka kuona vizuri. Huyu usimpulizie kipenga. Mwendee. “Mzee, chamgei. Tafadhali turudi nyuma ya mstari, vijana wasije wakakugonga.” Atarudi, na atawarudisha wengine kumi kwa fimbo hiyohiyo. “Kongoi, mzee,” yaani asante, na mchezo uendelee. Umepata msaidizi ambaye hata shirikisho halina.

Yupo mama mwenye sauti inayofika kiwandani. Mwanawe anacheza winga na kila anapoguswa mama anataka nyekundu. Mwache. Anaona mifupa aliyoizaa.

Yupo kijana mwenye simu, anayerekodi kila uamuzi akiahidi kuuweka mtandaoni. Hongera, una ushahidi. Chezesha kwa namna ambayo hutajali ukitazamwa mara mia.

Na yupo kocha. Kocha hupiga kelele sio kwa sababu ya uamuzi uliopita bali kwa ajili ya ule unaofuata. Anawekeza. Mwonye mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kadi. Maofisa wa timu nao huonyeshwa kadi tangu 2019. Akiona huna deni naye, ataanza kufundisha timu yake, na timu nyingi za huku zingefaidika sana na jambo hilo.

Ikiwa wewe ni msichana, utasikia zaidi ya hayo yote. Utaulizwa umeacha nini jikoni. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Yaoundé, Salima Mukansanga wa Rwanda alisimama katikati ya Zimbabwe na Guinea akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanaume. Mwaka huohuo akateuliwa kwenda Kombe la Dunia nchini Qatar. Mkenya Mary Njoroge ameshika kibendera katika Kombe la Dunia la Wanawake. Anayekuuliza habari za jikoni hajafika hata Nakuru kwa mpira.

Hatua ya nane: Mheshimiwa akifika

Mashindano mengi ya huku yana jina la mheshimiwa, jezi zenye picha ya mheshimiwa, na fahali wa mshindi aliyetolewa na mheshimiwa. Tunashukuru. Vijana wengi wasingekuwa na viatu wala mpira bila makombe hayo. Lakini fainali iliyopangwa saa nane huanza saa kumi na robo kwa sababu mheshimiwa yuko njiani, na njia ya mheshimiwa hupita harambee mbili na mazishi moja.

Waambie waandalizi mapema: jua la Kericho halingoji mtu. Mechi ya dakika 90, mapumziko, na penalti za kuvunja sare zinahitaji zaidi ya saa mbili za mwanga. Mheshimiwa akifika mchezo ukiendelea, mchezo uendelee. Apungie mkono kutoka kwenye hema. Mapumziko hayazidi dakika 15 kisheria, na hotuba haikutajwa popote katika sheria zote 17. Akitaka kupiga mkwaju wa heshima, aupige kabla ya mechi, kipa aruke upande usio na mpira, tupige makofi, tuanze. Kiongozi anayejali vijana ataelewa, na asiyeelewa ametuonyesha jezi zilikuwa za nani.

Hatua ya tisa: Usilipe kosa kwa kosa

Utakosea. Dakika ya 30 utatoa penalti, kisha utaona kwenye nyuso za wachezaji, hata wa timu iliyoipata, kwamba haikuwa penalti. Sheria inakuruhusu kubadilisha uamuzi kabla mchezo haujaanzishwa tena. Badilisha, kwa sauti, mbele ya manahodha. Heri kujikwaa kidole. Mchezo ukishaanzishwa, umefungwa, hakuna kurudi.

Hapo ndipo jaribu kubwa kuliko bahasha linapoingia: kusawazisha. Refa anaanza kutafuta penalti ya upande wa pili, faulo ndogo inakuwa kubwa, na straika anayejua hesabu anajiangusha. Sasa makosa ni mawili, na timu zote zimejua kwamba unaweza kusukumwa. Mkulima wa Konoin akipeleka majani kituoni anamtazama karani wa mzani. Karani akikosea kilo moja kwa mjane, hataponya kosa kwa kumwibia mwenyekiti kilo moja. Kinachomfanya aaminike ni mzani uleule kwa kila gunia linalofuata. Kosa lako likushike, likuchome, lakini faulo ya dakika ya 31 ipimwe kwa mzani wa dakika ya kwanza.

Hatua ya kumi: Maliza, andika, fika nyumbani

Puliza kipenga cha mwisho ukiwa katikati ya uwanja, sio karibu na mashabiki wa timu iliyoshindwa. Salimia manahodha. Ondoka kwa mwendo wa kawaida. Kisha andika ripoti siku hiyohiyo: kadi, majeraha, fujo, dakika. Ukificha aliyekusukuma kwa sababu alikuomba msamaha jioni, refa wa wiki ijayo atasukumwa na mtu huyohuyo, mwenye uzoefu zaidi.

Hapa mwongozo unawageukia wenye uwanja, maana usalama wa refa ni mzigo wao. Tarehe 11 Desemba 2023 nchini Uturuki, rais wa klabu ya Ankaragücü aliingia uwanjani na kumpiga ngumi refa Halil Umut Meler mbele ya kamera. Ligi yote ikasimamishwa. Nchi yenye viwanja vya mabilioni iligundua kwamba bila mtu mmoja mwenye kipenga haina mpira. Kiwanja cha kambi kikigundua jambo hilo kwa njia hiyo, hakuna daktari wala kamera. Timu yoyote inayompiga refa ifungiwe, na anayejificha ndani ya umati atajwe na wenzake. Watu wa kambi moja wanajuana kwa majina.

Neno kwa wasio na kipenga

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Tutataka wachezaji wetu wawemo, na tutataka marefa wetu wawemo. Wachezaji tunawatafuta kila Jumapili kwa makofi. Marefa tunawafukuza kila Jumapili kwa matusi, kisha tunauliza kwa nini wa kwetu hawaonekani.

Kwa hiyo, msomaji, fanya mambo mawili. Ukimjua kijana au msichana anayeipenda haki na anayeweza kukimbia, mpeleke kwenye tawi la shirikisho la soka lililo karibu akafundishwe na kupewa mtihani, na siku ya mechi yake ya kwanza umsindikize. Na Jumapili hii, kabla hujafungua mdomo kumwambia refa kazi yake, tazama miguu yako. Ikiwa iko ndani ya mstari, rudi nyuma.